Mboga za Kaskazi na Vitoweo Vyepesi vya Nyumbani



Katika nyumba nyingi za Kenya chakula kikuu hakina shida ya kujulikana. Pwani ni wali, muhogo au ugali; bara ni ugali, githeri au viazi. Swali liulizwalo kila siku penye mlango wa jikoni ni moja tu: "Leo kinaliwa na nini?" Jibu la swali hilo pwani huitwa kitoweo. Bara huitwa mboga, hata kama kilichomo chunguni ni nyama au samaki. Neno hilo moja hutaja majani ya shamba, na tena hutaja kila kitu kisindikizacho ugali. Huenda sababu yake ni kwamba kwa siku nyingi za mwaka kitoweo cha wazee kilikuwa ni majani ya shamba, na nyama ilikuwa ni ya sikukuu.

Hotuba hii yahusu vitoweo hivyo vya mboga mbichi, na hasa vile vifaavyo wakati wa kaskazi, yaani tangu Desemba hata Machi, jua linapokuwa kali na watu hawana hamu ya chakula kizito. Mvua za vuli huwa zimekwisha kunyesha. Mchicha na kunde zilizoota kwa mvua hizo huwa tayari kuchumwa, na mabamia, mabiringani, matango na nyanya huonekana sokoni. Mboga hizi ni nyepesi, hupikwa upesi, na kwa kawaida bei yake si kubwa kama ya nyama. Lakini faida yake haimfikii kila alaye. Mara nyingi hupotea njiani, kati ya soko na sahani, wala aliyeipoteza hana habari.

Chukueni mfano wa majirani wawili. Wote wawili wamekwenda sokoni saa moja ya asubuhi, wakanunua mchicha kwa mtu mmoja, mafungu matatu kila mmoja, kwa bei moja.

Jirani wa kwanza aliuweka mchicha wake juu ya ukuta wa uani, penye jua, akaenda kufua. Saa nne akaukatakata vipande vidogo sana, akautia katika beseni la maji ukae humo mpaka amalize kazi nyingine. Saa tano akajaza sufuria maji, akautia mchicha, akatupia magadi kidogo upate kulainika na kubaki na rangi yake. Ukachemka nusu saa. Kisha akayamwaga yale maji ya kijani mferejini, akaukaanga mchicha kwa kitunguu, akauacha jikoni juu ya makaa, kwa maana bwana wa nyumba hurudi saa nane.

Jirani wa pili aliufunga mchicha wake kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, akauweka kivulini. Hakuugusa tena mpaka saa sita na nusu. Ndipo alipouosha ungali mzima, akaukata vipande vikubwa, akautia katika sufuria ambamo kitunguu na nyanya zilikuwa zimekwisha kuiva kwa kijiko cha mafuta. Hakuongeza maji yoyote ila yale yaliyoshikamana na majani. Akafunika. Baada ya dakika tano akaepua, na watu wakala papo hapo.

Kama mgeni angalipita katika nyumba hizo mbili, asingaliona tofauti kubwa. Vitoweo vyote viwili vilikuwa vya kijani. Pengine kile cha magadi kilizidi kung'aa. Wala jirani wa kwanza hakuwa mvivu. Yeye ndiye aliyefanya kazi nyingi zaidi na kuchoma makaa mengi zaidi. Lakini sehemu kubwa ya mali aliyoinunua asubuhi ilikuwa imekwisha kutoka nyumbani kwake kwa njia ya mferejini.

Mali hiyo ni nini? Mboga za majani zina vitu vingi vya kujenga mwili, na vitatu kati yake hupotea upesi kuliko vingine: vitamini C, foleti, na thiamini ambayo ni moja ya vitamini za jamii ya B. Vyote vitatu huyeyuka katika maji. Gramu 100 za mchicha mbichi zina kama miligramu 40 za vitamini C, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni mtu mzima ahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Basi sahani moja ya mchicha ingeweza kukaribia kutosheleza haja ya siku nzima. Majani yakichemshwa katika maji mengi na maji yale yakamwagwa, nusu ya vitamini hiyo, au zaidi ya nusu, yaweza kupotea.

Wezi wa mboga ni watatu. Wa kwanza ni muda. Jani likisha kuchumwa huanza kunyauka, na jua huharakisha hasara hiyo. Na jani lililokatwa vipande huharibika upesi kuliko jani zima, kwa sababu hewa hupata mahali pengi pa kuingilia. Wa pili ni maji mengi, yanyonyayo kilichomo katika jani na kuondoka nacho. Wa tatu ni moto mrefu, hasa moto uliosaidiwa na magadi. Magadi hulainisha jani na kuihifadhi rangi yake, lakini huharibu vitamini C na thiamini. Kwa hiyo rangi ya kijani ya mboga za magadi ni shahidi asiyeaminika.

Habari hizi za moto zina historia, na historia yenyewe yahusu mabaharia. Zamani safari ndefu za baharini ziliua watu wengi kwa ugonjwa wa kiseyeye, ambao hufanya fizi kuvimba na kutoka damu, na vidonda vya zamani kufunguka upya. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika manowari ya Uingereza, aliwagawanya mabaharia wagonjwa kumi na wawili wawili wawili, akawapa kila wawili dawa yao mbali na wengine. Wale wawili waliokula machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Lakini Lind alipotaka maji ya matunda hayo yaweze kuwekwa siku nyingi melini, alishauri yapashwe moto muda mrefu mpaka yawe mazito. Kwa kufanya hivyo nguvu ya dawa ikapungua sana, na watu wakatia shaka juu ya malimau yenyewe. Mwaka 1795 ndipo jeshi la majini la Uingereza lilipoanza kuwagawia mabaharia wake maji ya malimau kwa utaratibu. Vitamini C yenyewe haikutambuliwa mpaka mwaka 1932. Basi hata tabibu mwenye akili nyingi aliibiwa na moto asijue. Si ajabu mpishi wa nyumbani naye akiibiwa.

Pana jambo lingine, nalo ni la macho ya watoto. Mboga za kijani kibichi sana, pamoja na maboga yenye nyama ya rangi ya machungwa, zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aliyekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu huanza kwa kutoona vizuri wakati wa magharibi. Wenzake wanacheza uani, naye anapapasa ukuta. Asiposaidiwa, macho yaweza kuharibika kabisa, na mwili wake hushindwa kupigana na surua na kuhara. Karotini haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Kwa sababu hiyo mboga zilizochemshwa kwa maji na chumvi tu, bila mafuta, wala tui, wala karanga, humnufaisha mtoto kidogo. Kijiko kimoja cha mafuta si anasa; ndicho kinachoibeba karotini na kuiingiza mwilini.

Hata hivyo si haki kuzisifu mboga kupita kiasi. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba zahitajika kama sehemu 12 za karotini ya chakula kupata sehemu moja ya vitamini A, kiasi kikubwa maradufu kuliko ilivyodhaniwa zamani. Kwa hiyo mtoto wa miezi 6 hata miaka 5 apelekwe zahanati apewe vitamini A yake mara mbili kila mwaka, na mboga zije juu ya hiyo, zisichukue mahali pake. Vivyo hivyo mama mjamzito asiache vidonge vya madini ya chuma na foleti apewavyo kliniki kwa kuwa anakula mchicha. Madini ya chuma yaliyomo katika majani huingia mwilini kwa shida. Ndimu au nyanya mbichi katika mlo huo huyasaidia kuingia. Chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Anywaye chai na aingoje saa moja au mbili baada ya kula.

Sasa yafuata mapishi yenyewe. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na mboga ni hivyo hivyo. Vipimo hivi vyatosha watu watano au sita.

Kachumbari ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haipiki mtu. Zatakiwa nyanya nne ngumu kidogo, vitunguu viwili, pilipili moja mbichi, ndimu moja, na majani ya dania. Mpishi na akate vitunguu vyembamba, avisugue kwa chumvi, kisha avioshe kwa maji safi na kuvikamua, ili ukali upungue. Akate nyanya juu ya bakuli lile lile, maji yake yasipotee. Ndimu na chumvi zitiwe mwisho, chakula kinapopelekwa mezani. Chumvi ikitiwa mapema huyavuta maji ya nyanya, na kachumbari hugeuka kuwa mchuzi wa baridi. Kachumbari hufaa kwa pilau na nyama ya kuchoma, kama kila mtu ajuavyo. Lakini yafaa zaidi kando ya maharagwe na kunde, kwa maana ndimu yake husaidia madini ya chuma ya maharagwe kuingia mwilini.

Mchicha wa nazi ni kitoweo cha pwani kinachojulikana sana, na makosa yake ya kawaida ni kuchemshwa mno. Yatakiwa mafungu matatu ya mchicha, nazi moja, kitunguu kimoja na nyanya mbili. Nazi ikunwe, na tui zito likamuliwe na kuwekwa mbali. Tui jepesi litiwe sufuriani pamoja na kitunguu na nyanya, vichemke mpaka vilainike na tui lipungue. Hapo ndipo mchicha utiwe, ukafunikwa dakika tatu au nne. Mwishowe litiwe tui zito, likorogwe kwa mwiko lisikatike, na sufuria iepuliwe linapoanza kuchemka. Mafuta ya nazi yaliyomo katika tui yatosha. Hapana haja ya kuongeza mengine.

Mabamia, ambayo Mombasa huitwa pia mabenda, huchukiwa na wengi kwa ajili ya mlenda wake. Mlenda hupenda maji. Basi nusu kilo ya mabamia ioshwe ikiwa nzima, ikaushwe kwa kitambaa, ndipo ikatwe. Mafuta kidogo yapate moto katika kikaango kipana, na mabamia yatandazwe yasilaliane. Yasifunikwe wala yasitiwe chumvi mapema. Baada ya dakika nane au kumi, pembe zake zikisha kuwa na rangi ya kahawia, zitiwe chumvi, ndimu, na kitunguu saumu kilichopondwa. Mabamia yaliyopikwa hivyo huliwa hata na watoto ambao hapo zamani walikuwa wakiyasukuma pembeni mwa sahani.

Biringani ni tunda lililojaa hewa ndani, nalo hunywa mafuta kama sifongo. Asiyetaka kumaliza chupa ya mafuta na alichome. Biringani mbili kubwa zidungwe kwa kisu mahali pachache zisije zikapasuka, ziwekwe juu ya seredani, zigeuzwe mpaka ganda liungue na nyama ya ndani ilainike. Ni kazi ya dakika kumi na tano hata ishirini. Zikipoa, ganda liondolewe, na nyama ipondwe kwa chumvi, ndimu, kitunguu kilichokatwa vidogo, na vijiko viwili vya tui zito au ufuta uliosagwa. Huliwa kwa mkate, kwa muhogo wa kuchemsha, au kwa wali mweupe.

Tango ni maji zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Halina nguvu nyingi za kujenga mwili, bali hupoza na kuleta hamu ya kula wakati wa joto. Matango mawili yaoshwe, ncha ya upande wa kikonyo ikatwe na kuonjwa, kwa maana uchungu hukaa hapo. Yakatwe membamba, yanyunyiziwe chumvi, yangojwe dakika kumi, yakamuliwe. Kisha yachanganywe na kikombe kimoja cha maziwa lala na pilipili manga kidogo. Kitoweo hiki huliwa siku hiyo hiyo.

Kisha yako majani ya kunde, ambayo ni magumu kidogo kuliko mchicha. Na hapa ndipo wengi wakimbiliapo magadi. Hayana haja nayo. Yachumwe majani machanga, mishipa migumu iondolewe, yakatwe, yatiwe katika kikombe kimoja tu cha maji yanayochemka, yafunikwe dakika kumi hata kumi na tano. Kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa kikorogwe kwa maji, kitiwe, na vyote vichemke polepole dakika tano zaidi. Maji yasimwagwe, yamekuwa mchuzi. Karanga hulainisha ladha, huongeza mafuta, na hujenga mwili, na ugali huenda nazo vizuri kabisa. Sukuma wiki nayo yaweza kupikwa kama mchicha wa jirani wa pili, ila ikatwe nyembamba na iongezewe dakika mbili tatu.

Ni lazima kusema neno la heshima juu ya desturi za wazee. Katika sehemu za magharibi ya Kenya mrenda na majani mengine magumu yamepikwa tangu zamani kwa maji ya majivu. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Walitaka jani gumu liweze kulika. Lakini wazee hao hao walijua njia nyingine pia, kama kupika mnavu na mgagani kwa maziwa, na kuchanganya majani machungu na yasiyo machungu. Njia hizo hupunguza uchungu bila magadi wala majivu, na hizo ndizo zifaazo kushikwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Iko miaka ambayo mboga hizi za asili zilidharauliwa na watu wa mjini, zikaitwa magugu, au chakula cha maskini. Kabeji ikapewa kiti cha mbele. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga za asili za Afrika na kuonyesha thamani yake kwa afya na kwa mkulima. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Leo mnavu na mgagani huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Heshima imerudi; ila heshima ya sokoni haina faida kama mboga yenyewe inaharibiwa jikoni.

Juu ya usafi hapana mzaha. Mboga iliwayo mbichi, kama kachumbari na tango, haipiti motoni, basi uchafu wote uliokuja nayo huingia mdomoni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya mwezi wa Oktoba 2022 uliendelea hata mwaka 2023, na ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuka. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mboga zioshwe kwa maji yanayomiminika, au yaliyobadilishwa mara mbili tatu, na yale ya mwisho yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Kisu na ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na yule alimaye mboga kwa kuuza, akinyunyizia dawa ya wadudu, azihesabu siku zilizoandikwa juu ya chupa kabla ya kuvuna, kwa kuwa mlaji hawezi kuiona dawa hiyo kwa macho.

Watu wengine watasema, "Maneno hayo ni mema, lakini mboga mbichi zapatikana wapi jua linapokaza?" Mboga nyingi ziliwazo Mombasa hutoka mbali, zitokazo milima ya Taita husafiri zaidi ya kilomita 150. Kabeji na karoti huvumilia safari hiyo. Mchicha hauvumilii, hufika umechoka. Kwa hiyo majani yafaa yapandwe karibu na sufuria. Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu nne tangu kupandwa. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa ubavuni, laweza kubeba miche mingi mahali pasipo shamba. Maji yaliyooshea mboga na mchele yatosha kulinyweshea siku nyingi. Miche ifunikwe na kivuli chepesi cha makuti wakati wa adhuhuri. Na majani yakizidi, yachovywe kidogo katika maji yanayochemka, yaanikwe kivulini penye upepo mpaka yakauke kabisa, yawekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko. Yatapoteza vitamini C nyingi, lakini madini yatabaki, na siku za upungufu yatakuwa bora kuliko kukosa.

Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri kila mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, pasipo kuhesabu viazi na mihogo. Hesabu hiyo huonekana kubwa kwa mtu aliyezoea kijiko kimoja cha mboga kando ya mlima wa ugali. Lakini kitoweo kimoja cha majani mchana, kachumbari jioni, na embe moja la msimu kati yake, huifikia bila taabu. Na kaskazi ndiyo wakati wa maembe.

Turudi kwa wale majirani wawili, maana habari yao haijesha. Siku moja yule wa kwanza alimwona mwenziwe amekaa barazani saa sita, hana haraka, hali mchicha wake ungali kivulini. Akamwambia, "Dada, wewe hupiki leo? Jua limesimama!" Yule akamjibu, "Nangoja watu wafike karibu, dada yangu. Mchicha hauna kazi ya saa nne." Mwenziwe akacheka, akadhani ni mzaha. Lakini alikuwa na mtoto asiyependa mboga kabisa, naye alikuwa amemwona mtoto huyo huyo akila mchicha kwa jirani na kuomba kuongezwa. Kesho yake akamwuliza afanyavyo, akaonyeshwa. Hakupewa dawa wala chombo kipya. Alipunguziwa kazi tu: maji ya kuchemshia, magadi, na nusu saa ya moto.

Watu husema haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi ni kweli. Jikoni, penye mboga za majani, yafaa kukumbuka methali nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mboga ichumwe au inunuliwe karibu na wakati wa kupikwa, ioshwe kabla ya kukatwa, itiwe maji machache na mafuta kidogo, isitiwe magadi, ifunikwe, iive, iepuliwe, iliwe. Hayo ni mambo ya dakika chache, na hayahitaji fedha zaidi ya zile zilizokwisha kulipwa sokoni. Apikaye hivyo huwapa watoto wake chote alichonunua, na mferejini hamwagi kitu ila maji ya kuoshea.